Mchimbaji akishuka Kindu, apumzike wapi?

Njia zote za mashimo zinaishia fasi moja. Ukitoka Kalima ao Kailo, ukitoka Kampene ao Punia, hata ukitoka mbali kule Obokote kwa ndugu zetu wa Lubutu, mwisho wa safari unashuka kwenye pikipiki pale Alunguli, matope mpaka magotini, na mbele yako mto Lualaba umelala. Kilalo hakuna. Inabidi upande mtumbwi ili uvuke mpaka Kasuku na Mikelenge, kwenye kuko soko kubwa, gari la moshi, uwanja wa ndege na ofisi za Leta.

Siku moja ya yenga tuliketi pale kwenye kivuko tangu asubuhi mpaka saa sita, tukiangalia tu. Wachimbaji walikuwa wanavuka, vijana kwa wazee, wengine na mfuko mgongoni, wengine na bibi na watoto. Karibu wote walikuwa wameinamisha kichwa juu ya telefoni, ao wameingiza mkono mfukoni wakichunga franga zao. Mto ambao watu wa mbali walikufa wakiutafuta, wao wanauvuka sawa vile mtu anavuka barabara ya mtaa wake. Jioni yake tuliwaona wamoja kati yao tena, safari hii wakiwa mbele ya chupa, muziki wa nguvu masikioni, na jenereta inatoa moshi nyuma ya nyumba.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu. Mtu aliyekaa miezi mitatu shimoni, akipiga baramini na kuosha mchanga, ana haki ya kupumzika namna anavyotaka. Lakini wiki chache mbele ya siku ile, mama mmoja wa Kalima alitupigia telefoni. Hakutaka jina lake lionekane. Alisema hivi: "Bwana yangu alishuka Kindu na dola, akarudia na deni. Muniambie ninyi batu wa gazeti, kule Kindu hakuna kintu ingine mtu anaweza kufanya?" Hatukuwa na jibu la haraka. Andiko hili ndilo jibu letu, na ndiyo sababu ni refu.

Kwanza tuelewane juu ya neno "mgeni". Wakubwa wetu wakisema utalii, katika mawazo yao wanaona mzungu mwenye kofia na kamera. Huyo mzungu tumemngoja sana. Vita, barabara, bei ya ndege, kila kimoja kimemzuia kwa wakati wake. Na wakati tunamngoja, mgeni wa kweli anapita mbele yetu kila siku: mchimbaji, negosiani wa kasiteriti, mwalimu anayefuata mshahara wake, mzazi anayeleta mtoto UNIKI, jamaa wa harusi, mgonjwa na ndugu anayemlinda. Ana franga kidogo. Ana siku mbili ao tatu za kungoja, ngoja ya makaratasi, ngoja ya gari la moshi, ngoja ya mtu aliyeahidi kulipa. Hana mtu wa kumwonyesha kintu chochote. Ukimuuliza Kindu ni nini, atakwambia ni fasi ya kungojea.

Sisi tunasema Kindu iko na vya kumwonyesha, na vingi havihitaji mafuta ya petroli wala kukata mti hata mmoja.

Tuanze na mto, sababu ndiyo mali yetu isiyoisha kwa kuchimbwa. Lualaba inatoka kule Katanga, inapanda kaskazini, inapita Kongolo, inapita Nyangwe, inafika kwetu ikiwa pana na tulivu. Toka Kindu mpaka Ubundu kuna karibu kilometa 300 ambazo mashua inaweza kupita bila kukuta maporomoko. Ndiyo sababu mji wetu ulizaliwa hapa na si fasi ingine. Mwaka 1871 Livingstone alifika Nyangwe, akasimama ukingoni na kuamini kwamba haya ni mayi ya Nile. Alikosea. Stanley akafuata mto huohuo tangu 1876, na mwaka 1877 akatokea Boma, karibu na bahari. Watoto wetu wanafundishwa majina ya hao wazungu wawili masomoni. Majina ya wapiga kafi waliowavusha hakuna anayefundishwa.

Basi, mgeni afanye nini na mto? Apande mtumbwi wa kafi, si wa mota, saa kumi na mbili ya asubuhi wakati ukungu bado uko juu ya mayi. Asivuke tu. Amwombe mwenye mtumbwi ampeleke polepole kando ya ukingo, saa moja ao mbili, kisha wamrudishe. Saa ile wavuvi wanatoa nyavu zao. Ataona kapitene na kambale wakitoka hai, ataona ndege wanaopiga mbizi, ataona tai anayeshuka na kukamata samaki kwa kucha. Wagenya ni watu wa mto tangu mababu, na ukimuuliza mmoja wao juu ya mikondo, juu ya fasi zenye viboko na mamba, juu ya majina ya visiwa, hutamaliza siku. Hakuna moshi, hakuna kelele, na franga zote zinabaki mkononi mwa yule aliyepiga kafi. Kintu kimoja tu: bei mpatane mkiwa bado kwenye mchanga, si katikati ya mto.

Kuna kintu kingine ambacho hatuwezi kuruka. Katika mkoa huu ni familia chache ambazo hazijalilia mtu kwa ajili ya mtumbwi uliojaa kupita kipimo ao uliosafiri usiku. Matembezi ya mto yasiyo na jile ya kuelea si matembezi, ni kubahatisha. Mpiga kafi akisema "musiogope, mimi nilizaliwa hapa", yeye alizaliwa hapa kweli, lakini wewe ulizaliwa Kampene. Uliza jile. Hesabu watu. Kama mawingu yamekuwa meusi upande wa msitu, baki chini, unywe chai. Na tunawaambia wenye mitumbwi wazi: yule wa kwanza kati yenu atakayenunua jile kumi na kuzitundika pale mbele watu wazione, ndiye atakayepata wageni wote.

Kiangazi, mayi ikishuka, michanga inatokea. Hiyo ndiyo bichi yetu, haina geti wala tiketi. Vijana wanacheza mpira pale, mama wanafua, watoto wanaruka. Familia ya mchimbaji inaweza kukaa siku nzima kwa chakula cha nyumbani: samaki aliyefungwa ndani ya majani na kuchomwa juu ya makaa, sombe, na mchele wa Maniema, ambao tunausifu bila haya mbele ya mchele wa mifuko unaotoka ng'ambo ya bahari. Majani yakiisha kazi unayatupa chini na udongo unayala. Mfuko wa plastiki udongo hauuli, hauuozeshi, na mto unaubeba mpaka unakwama kwenye nyavu za mvuvi. Sheria iko: tangu amri ya tarehe 30 Desemba 2017, mifuko ya plastiki imekatazwa katika nchi yote, kuitengeneza, kuiingiza, kuiuza na kuitumia. Sheria iko Kinshasa, mifuko iko sokoni. Hatutangoja polisi. Mama anayeuza samaki kwenye mchanga akirudilia majani ya mababu, tayari ametimiza sheria kupita wengi walioiandika.

Kwa mwenye miguu, ao mwenye velo (wengine tunasema kinga), mji wenyewe unatosha asubuhi moja. Anza gari ya zamani, fasi ya reli na bandari vinapokutana. Kampuni ya reli ya Maziwa Makubwa, iliyoanzishwa na Baron Empain mwaka 1902, ndiyo iliyojenga reli kutoka hapa mpaka Kongolo. Kwa muda mji ukabeba jina lake: Kindu-Port-Empain. Mkono uliobeba zile traversi ni wa babu zetu, mingi kwa kulazimishwa, na mzee yeyote wa familia ya reli akikaa kivulini atakusimulia kwa kahawa moja tu. Watoto waletwe wasikie. Jioni kama kuna mechi, kamilisha siku uwanjani. AS Maniema Union ilifika mpaka makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika msimu wa 2024-2025, na mtu aliyeisikia kwa redio kule kareri ana hamu ya kuona jezi kwa macho yake.

Sasa tuingie msituni, na hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji wetu, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi watu wa madini moja kwa moja.

Maniema iko na mbuga mbili ambazo nchi nyingi zingetamani kuwa nazo. Upande wa Lubutu, mlango wa Obokote, kuna Maiko, iliyoanzishwa mwaka 1970, zaidi ya kilometa za mraba 10,000, inayogawana na Tshopo na Kivu ya Kaskazini. Ndani yake kuna wanyama watatu ambao hawaishi porini nje ya Kongo yetu: okapi, tausi wa Kongo na gorila wa mashariki wa nyanda za chini. Upande wa magharibi kuna Lomami, mbuga mpya ya mwaka 2016, inayogawanywa na Maniema na Tshopo, yenye bonobo na tembo wa msituni. Kule kuna pia lesula. Huyu ni kima mwenye uso mrefu kama wa mzee anayefikiri deni lake. Wawindaji walimjua tangu zamani na kumpa hilo jina, lakini wataalamu walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2007, amefungwa nyumbani kwa mkubwa wa masomo kule Opala, na mwaka 2012 ndipo dunia ikatangaziwa kwamba ni aina mpya. Dunia ikashangaa. Sisi tulikuwa tunamla.

Hatutamdanganya mtu: Maiko na Lomami si fasi za kwenda na kurudi siku moja. Ni mbali, njia ni ngumu, ruhusa inatolewa na ICCN, na Maiko imejua watu wenye bunduki tangu maasi ya 1964. Mchimbaji mwenye siku tatu Kindu hataziona. Lakini hata bila kuingia, kila mgeni wa Kindu anazigusa kwa mkono wake, na anazigusa mezani.

Mtu akitoka shimoni na franga, kintu cha kwanza anachotaka ni kula vizuri, na kwa wengi wetu kula vizuri ni nyama ya pori. Tunaelewa. Kule kareri hakuna ng'ombe, samaki wa mto umeharibika kwa matope ni wachache, na mwenye shimo anawalisha watu wake kwa kile mwindaji anacholeta. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa homa ya koltani mwaka 2000 kule Kahuzi-Biega, na ndivyo gorila walivyopungua sana kule. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilisema gorila wa aina hiyo walikuwa karibu 17,000 katika miaka ya 1990 na wamebaki karibu 3,800. Hesabu nyingine ya 2021 ikapandisha mpaka karibu 6,800, kwa sababu waliangalia vizuri zaidi misitu isiyofikika, Maiko ikiwemo. Hata tukichukua ile kubwa, wote pamoja hawafiki idadi ya wakaaji wa komini moja ya Kasuku.

Kwa hiyo burudani ya kwanza isiyoharibu kitu ni kuchagua sahani. Mgeni anayeagiza kapitene, kuku wa kijiji, ao ng'ombe siku iko, amefanya kazi ya mlinzi wa mbuga bila kuvaa sare. Mwenye mgahawa anayeandika mbele ya mlango "leo samaki" anaweza kufanya zaidi ya semina tatu zenye kahawa na perdiem. Na tusifichane, okapi na gorila wanalindwa na sheria, anayewauza na anayewanunua wote wawili wanaweza kufungwa.

Kuna pia hadithi ya kasuku. Komini yetu moja inaitwa Kasuku, na bado wageni wengi wanaondoka Kindu na kasuku wa kijivu ndani ya kitunga, zawadi ya mkubwa ao biashara ndogo. Maniema imekuwa moja ya fasi ambazo kasuku hao wanakamatwa kwa gundi na nyavu, wanapakiwa na kupandishwa ndege, na wengi wanakufa kabla ya kufika. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Johannesburg, mataifa yalikubaliana kufunga biashara yao ya kimataifa. Basi tunapendekeza mchezo mwingine, tena wa bure: jioni, kaa ukingoni na uangalie wakirudi kulala ng'ambo, wakipiga kelele zao za umbeya. Hesabu ni wangapi. Wazee watakuambia zamani waliziba anga.

Wengine watatuuliza faida iko wapi. Mbele ya swali hilo tunaangalia majirani. Rwanda, tangu 2017, inamtoza mgeni dola 1,500 kwa kumwona gorila wa milimani siku moja, na sehemu ya mapato ya mbuga, asilimia 10, inarudi kwa vijiji vinavyozunguka. Hatusemi Maniema itakuwa Rwanda kesho. Wao wana lami na usalama, sisi tuna matope na vizuizi vya barabarani ambavyo kila kimoja kina kamba na mtu wa kuishika. Tunasema tu kwamba mnyama aliye hai anaweza kulipa kila mwaka, na aliye kwenye sufuria analipa mara moja.

Hapa kuna jambo ambalo hatujalisikia likisemwa Kindu, na tunataka liandikwe. Wachimbaji wenyewe wanaweza kuwa wenyeji wa wageni. Ubelgiji, nchi iliyotuletea Symétain mwaka 1932 na kufungua Kalima, ilikuwa na mashimo ya makaa ya mawe. Moja ni Blegny, karibu na Liège. Lilifungwa mwaka 1980. Hawakuliacha lijae mayi. Waliligeuza kuwa fasi ya kutembelea: mgeni anavaa kofia ya chuma, anashuka chini, na wachimbaji wa zamani wamekuwa wakimwonyesha namna walivyokuwa wanafanya kazi. Mwaka 2012 UNESCO iliweka Blegny pamoja na mashimo mengine matatu ya kule kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kalima iko na nyumba za kampuni za zamani, iko na kituo cha umeme cha Lutshurukuru kilichojengwa kwa ajili ya bati, iko na wazee waliofanya kazi Symétain ao, tangu 1976, SOMINKI. Hao wazee wanakufa kila mwaka na maarifa yao. Mtoto wa Kindu hajui bati inatoka wapi mpaka inakuwa ndani ya telefoni yake. Mwalimu wa UNIKI anayeleta wanafunzi thelathini Kalima kwa siku mbili, wakilala kwa wenyeji, wakilishwa na mama za mtaa, wakitembezwa na mzee aliyestaafu, amefanya utalii wa kweli. Na mgeni akishaona kazi ya shimo kwa macho yake, ataacha kumwita mchimbaji mtu wa fujo. Noti ya franga 500 ina picha ya wachimbaji, ya franga 100 ina tembo. Benki Kuu iliwaweka kwenye pochi moja, sisi ndio tunaowagombanisha.

Lakini kuna kutembelea mashimo kwa namna ingine, na hiyo lazima ikome. Mashimo yaliyoachwa yanajaa mayi ya mvua. Rangi yake inakuwa ya kijani, inapendeza, na watoto wanaona ni pisini. Kuta ni za udongo uliolegea. Hakuna fasi ya kushika, hakuna mteremko, unaingia hatua moja na chini hakuna. Kwenye dhahabu, upande wa Kampene na Namoya, ongeza zebaki inayotumika kukamata vumbi la dhahabu: haionekani, inashuka kwenye matope, inaingia ndani ya samaki, inaingia ndani ya mama mwenye mimba. Mzazi anayempeleka mtoto kuogelea shimoni siku ya yenga anafikiri amempa furaha ya bure. Wenye mashimo, na wale wa SAEMAPE wanaowasimamia, wanajua kazi ya kufukia ni ya nani. Tungependa kuona baramini na pawa zikitumika siku moja kwa mwezi kufukia tu. Pale palipofukiwa, vijana watapata uwanja wa mpira.

Mtasema: hayo yote yanahitaji franga. Si mengi. Ngazi za mbao ao za sementi pale kivukoni ili mama mwenye mtoto mgongoni asiteleze. Vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake, vyenye mtu wa kusafisha anayelipwa. Mapipa ya taka yanayotolewa kweli. Jile. Kivuli na viti. Vijana kumi waliofundishwa kusema majina ya ndege, ya samaki na ya wafalme wa zamani bila kuzua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri mfadhili kutoka Ulaya.

Na franga ziko, angalau kwenye karatasi. Sheria ya madini ya 2018 imegawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta, uchefu ao komini ambayo madini yametoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni yenye cheti cha uchimbaji inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Hatusemi kwamba mtu fulani amezila. Tunasema kitu rahisi zaidi: zibandikwe ukutani. Kila sekta ya madini, Obokote kama zingine, iandike kwenye ubao mbele ya ofisi yake, kwa kiswahili, ilipokea kiasi gani mwaka huu na ilikifanyia nini. Mchimbaji anayejua kusoma bei ya kilo ya kasiteriti kwenye kipande cha katoni atajua kusoma ubao huo. Na mkoa, ambao unapata zile 25, ndio wenye kivuko cha Kindu machoni pake kila siku.

Tulifikisha mawazo haya kwa wapiga kafi watatu wa Alunguli kabla ya kuyachapa. Mmoja alicheka, akasema mchimbaji hatalipa ili kuzungushwa kwenye mayi bila kufika ng'ambo. Wa pili alisema atalipa kama bibi yake yuko pamoja naye, sababu wanawake ndio wanaoangalia mto. Wa tatu hakusema kitu, alienda kupima mtumbwi wake kwa mikono, akihesabu viti.

Kisha tukampigia yule mama wa Kalima. Tulimsomea sehemu ya mto na ile ya samaki ndani ya majani. Alinyamaza kidogo, tukafikiri mtandao umekatika. Akasema mwezi wa nane, wakati wa vakansi, atashuka yeye mwenyewe pamoja na bwana na watoto wanne, na kwamba franga za safari hii atazishika yeye. Alikuwa na swali moja tu: ile mitumbwi iko na jile ya kipimo cha mtoto wa miaka sita?

Tulienda kuangalia kivuko kizima, pande zote mbili. Hatukuona hata moja.